Bei Chee ya Kraków

Shemeji yangu ndiye chanzo cha yote. Tunaishi Berlin, na kila akija kwangu kula (huja Jumapili, na siku nyingine yoyote aliyosikia harufu ya pilau) lazima aanze: "Shemeji, mpeleke dada Kraków mkapumzike. Kule Poland bei chee! Unakula, unasaza, unarudi na chenji." Mama watoto naye akisikia neno kupumzika, haipikiki tena chai. Ijumaa usiku tukajikuta ndani ya basi.

Kufika tu, tramu. Nikanunua tiketi ya dakika 20 kwenye mashine, maana kule tiketi inahesabu dakika, haijali umeshukia kituo gani. Mimi nimekulia kwenye daladala za Mbagala. Ukishalipa umelipa, konda ana sura yako kichwani, mambo yameisha. Basi tiketi nikaitia mfukoni, nikakaa.

Pembeni kuna bibi. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Kazimierz?" Ndiyo mtaa tuliokuwa tunautafuta. Bibi akaniangalia, akasema, "No, no, no." Nikamshika mkono mama watoto, kituo kilichofuata tukaruka nje na mabegi. Baadaye ndiyo naambiwa kwamba kwa Kipolandi cha mtaani "no" maana yake ndiyo. Sasa jamani, kati ya maneno yote ya dunia, hamkuona lingine?

Tukapanda nyingine. Akaingia kijana na jaketi lake na kofia ya sufu, nikadhani abiria mwenzetu, hata nikasogeza begi apite. Akatoa kitambulisho. Mkaguzi! Nikampa tiketi kwa kujiamini, kama mtu aliyetoa zaka mwaka mzima. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akatikisa kichwa. Kumbe mle ndani kuna kisanduku, ukiingia tu unachomeka tiketi kinagonga saa. Bila kugongwa, ulichoshika ni karatasi. Nikamwambia: hela yangu mmeshachukua, na kwa mujibu wa karatasi yenu wenyewe sijatumia hata dakika moja, mnanidai nini? Mama watoto akanikanyaga mguu. Ukilipa faini papo hapo wanakupunguzia, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha bei nafuu nilichokipata Kraków.

Nikatangaza: kuanzia sasa ni miguu. Na kweli mji mkongwe unatembeleka, umezungukwa na bustani iitwayo Planty, pale ulipokuwa ukuta wa mji zamani. Katikati kuna uwanja, Rynek Główny, karibu mita 200 kila upande. Ukiwa na njaa, mita 200 hizo zinafika Chalinze. Nikaona mabanda, moshi, mishikaki minene kama mkono wangu, na bango lenye bei ya kirafiki kabisa. Nikaagiza miwili. Mama wa banda akaiweka kwenye mzani. Nikajiuliza, mishikaki inapimwa tangu lini kama misumari? Nikainama kusoma bango vizuri. Chini ya bei, kwa herufi za sisimizi: gramu 100. Na ule mmoja tu ulikaribia nusu kilo! Nimelipa hela ya mbuzi, nimekula paja.

Hasira ikanipeleka chooni. Choo unalipia sarafu, sina neno. Ila milangoni hapana maandishi wala picha ya mtu: huku duara, huku pembetatu. Nikatumia akili. Pembetatu hiyo ni gauni, duara ni mpira. Nikaingia kwenye mpira. Sitaki kusema mengi. Duara ni wanawake, na yule mama alikuwa na mkoba mzito.

Tulichookolewa nacho kinaitwa bar mleczny, yaani baa ya maziwa. Tangu tufunge ndoa, ndiyo mara ya kwanza mama watoto kunishika mkono kunipeleka baa. Kumbe ni mama ntilie mtupu, tena mwenye ruzuku ya serikali kwa vyakula visivyo na nyama. Enzi za ukomunisti ndiko wafanyakazi walikokuwa wakila, na hadi leo wazee na wanafunzi wamejaa. Unalipa kaunta, unapeleka risiti dirishani, unasubiri waite chakula chako. Kwa Kipolandi. Kila wakiita, mimi nasimama. Nilisimama na kukaa mara sita, kama niko misani.

Mwisho ikaja sahani ya pierogi. Nikamwambia mke wangu, hizi si sambusa zilizochemshwa? Mpishi mafuta yamemwishia? Ndani viazi na jibini, juu vitunguu vya kukaanga. Nikaonja moja ili nipate la kusema vizuri. Sikusema. Nikaongeza sahani, nikashushia kompot, maji ya matunda ya kuchemsha, ya uvuguvugu, kipande cha tunda kimezama chini kama kimejinyonga. Watu wawili tumeshiba, na bei haikufika mshikaki mmoja. Nikainuka niende zangu, mama wa dirishani akanitazama hivi, nikarudi kubeba vyombo.

Chumba nacho kilikuwa cha bei chee, usiku nikajua kwa nini. Jirani yetu ni kanisa la Maria, na kule mnarani kila saa, mchana na usiku, mtu anapuliza tarumbeta mara nne, pande nne za mji. Halafu anaukata wimbo katikati! Wanasimulia kuwa karne ya 13 mpiga tarumbeta aliwaonya watu kwamba Watatari wanakuja, akapigwa mshale wa koo, ndiyo maana wanaishia pale pale. Poleni sana. Ila saa tisa usiku unalala unasubiri amalizie, hamalizii, unabaki kumalizia mwenyewe kichwani hadi saa kumi, anaanza tena.

Jumapili nikasema ninunue vitu vya njiani. Maduka yamefungwa, sheria yao, Jumapili nyingi hawauzi. Ilibaki mikokoteni ya obwarzanek, mkate wa duara uliosokotwa, ukiuona utadhani ngata ya bibi ya kubebea ndoo. Mtamu ukiwa wa asubuhi. Nikachukua mitano, mmoja wa shemeji.

Hakuna aliyeniambia kwamba ule mkate unataka kuliwa siku hiyo hiyo. Jumatatu shemeji akaja, kama kawaida, nikamwekea mezani. Ukalia ko! Akaushika, akaupima mkononi, akauliza, "Shemeji, hili ni pambo la mlangoni?"

Nikamwambia, kula shemeji. Bei chee.