Semina Niliyoiendesha Nikiwa Nimelala

Mimi ni mkuu wa kitengo chenye watu 11, na kwa miaka minne hakuna kitu kilichotoka kitengoni kwetu bila neno langu moja: "Imeidhinishwa." Ripoti, naidhinisha. Barua ya mteja, naidhinisha. Wino wa printa ukiisha, mtu ananifuata hadi chooni na kunisubiri mlangoni na karatasi yake. Nilikuwa naona huko ndiko kuongoza. Mke wangu anasema hata usingizini nilikuwa nalitamka hilo neno. Usiku mmoja, saa 8, aliniuliza taratibu kama anaweza kubadilisha mapazia ya sebuleni, nikaidhinisha. Mapazia yapo hadi leo, ya zambarau.

Basi likaja agizo kutoka juu: kila mkuu awape watu wake semina ya dakika 40 kuhusu kuzuia uchovu wa kazi. Msaidizi wangu alikuwa amewahi kusomea mambo hayo. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Bosi, niachie mimi." Nikamwangalia kama aliyeniomba funguo za nyumba. Aandae yeye, halafu nani aidhinishe slaidi? Nikaandaa mwenyewe, usiku, kwa sababu mchana nilikuwa bize na kuidhinisha.

Saa 5 usiku nilikuwa kwenye slaidi ya kahawa. Niliandika kwamba mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu tu ya kafeini, kwa hiyo kikombe cha usiku unaingia nacho kitandani. Nikaisoma, nikaipenda, nikainuka kwenda kujaza kikombe cha tatu. Slaidi ya usingizi, ile inayosema mtu mzima anahitaji angalau saa 7, niliimaliza saa 10 alfajiri. Saa 12 nilikuwa naoga.

Semina ikapangwa saa 8 mchana, watu wameshiba. Slaidi yangu ya tisa ilikuwa inaonya kwamba huo ndio muda mwili wenyewe hulegea, hata kama umelala vizuri. Sikuwa nimelala vizuri. Tena nilisisitiza nivae maikrofoni ya kwenye kola, ingawa chumba kile ukipiga chafya kila mtu anakuombea afya. Nilitaka mambo yawe rasmi.

Nilianza vizuri, nisijidharau. Nikawaeleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayoletwa na kazi, na dalili zake ni tatu. Ya kwanza, nguvu kukuisha. Ya pili, moyo kuihama kazi, hadi unaikebehi. Ya tatu, unahangaika lakini huoni unachokifanya. Nikataka kuipigia mfano ile ya pili. "Yaani unamwona mtu anakuja mezani na karatasi, unatamani ageuke jiwe."

Kimya. Watu 11 waliowahi kuja mezani kwangu na karatasi wakatazamana.

Nikakimbilia zoezi la kupumua. "Kaeni sawa, fumbeni macho. Vuteni pumzi kwa hesabu ya nne, itoeni kwa hesabu ya sita." Nikakaa kitini niwaoneshe. Moja, mbili, tatu, nne. Nikatoa. Mzunguko wa pili nikahesabu moja, mbili, tatu. Hiyo nne naambiwa haikuja.

Yaliyofuata nimesimuliwa na msaidizi wangu, na nimeigiziwa na dada wa mapokezi, ambaye sikumwomba. Watu walibaki wamefumba macho. Nani afumbue, na bosi hajasema? Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba hakuna jambo bila idhini. Dakika tatu hivi zikapita. Kisha kwenye spika mbili kubwa ukaingia mkoromo, mzito, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu.

Kijana wetu mpya, mwenye wiki mbili kazini na bidii isiyo na breki, akadhani hiyo ndiyo hatua ya pili ya zoezi. Akaanza kukoroma. Kwa hesabu: nne ndani, sita nje. Wawili wakamfuata, wasije wakaonekana wavivu. Ndipo msaidizi akafumbua jicho moja, akaniona kichwa nimekilaza nyuma, mdomo wazi, uzi wa mate unashuka kuelekea kwenye tai, nimelala usingizi wa pono.

Akanizimia maikrofoni, wakatoka kwa kunyata. Ukutani ikabaki slaidi iliyoandikwa: "Jipumzishe dakika 20 tu. Ukizidisha, utaamka mzito na hujielewi." Nililala saa mbili na nusu. Katika muda huo mteja alipiga simu akajibiwa, ripoti ilikwenda, wino wa printa ulinunuliwa. Ripoti hiyo nilikuja kuikagua baadaye nikitafuta kosa. Nilikosa hata nukta.

Kuelekea saa 11 jioni msaidizi akaja kunitikisa bega. Niliamka vilevile slaidi ilivyotabiri. Sikujua ni siku gani, na taa ya projekta niliidhania jua linachomoza. Nikasikia sauti: "Bosi, kuna maombi ya likizo hapa, siku 10, kuanzia kesho."

"Imeidhinishwa," nikasema. Nikapewa kalamu, nikatia sahihi.

Nilifika mlangoni ndipo nikauliza ni likizo ya nani. Akanionesha jina. Langu. Nikataka kuifuta, akaikunja karatasi vizuri na kuitia kwenye faili. "Bosi, si wewe uliyesema idhini ikishatoka hairudi?"

Siku ya pili ya likizo, saa 3 asubuhi, nilijifungia bafuni nisionwe na mke wangu, nikapiga simu ofisini. Akapokea yule kijana mpya. Sauti yangu hakuitambua, maana nilikuwa nanong'ona.

"Samahani, mkuu wa kitengo yuko likizo. Nikusaidie nini?"

Nikafikiri sana. "Wino wa printa upo?"

"Upo. Naongea na nani?"

Nikakata simu.