Mjomba, Nikulipe kwa Bitcoin?

Mdeni wa zamani alikuwa na haya. Akikuona Mwembe Tayari anageuza njia, anajitia kununua ndizi asizozihitaji, wewe unajua, na yeye anajua kuwa unajua, maisha yanaendelea. Mdeni wa siku hizi anakufuata mwenyewe hadi barazani, anaketi ubavuni pako, anaagiza kahawa utakayoilipa wewe, kisha anakwambia, "Mjomba, ile elfu tano yako nikulipe kwa bitcoin, ile pesa ya mtandaoni?"

Mbele za watu!

Mimi ni mtu mzima. Ni katibu wa kamati ya maji ya mtaa, na kamati ingali hai, ni maji tu ndiyo hayajafika. Kwa hivyo sikupayuka. Nilishusha kikombe taratibu, nikafuta masharubu, nikasema, "Haya, nieleze, mwanangu."

Ikawa ni hutuba ya mpwa wangu. Ati mwaka 2008 mtu anayejiita Satoshi Nakamoto alitoa waraka wa kurasa 9, akaeleza pesa ya kutoka kwako kuja kwangu, bila benki, bila mtu wa kati. Hesabu zote zinaandikwa kwenye daftari moja, kama lile la madeni la duka la mtaani, ila hili yeyote anaweza kuwa na nakala yake na hakuna wa kuchana ukurasa. Na bitcoin zenyewe hazitazidi milioni 21. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akauliza, "Huyo Mjapani ndiye anayetuletea Probox bandarini?" Akaambiwa hakuna anayemjua, wala kama ni Mjapani kweli haijulikani. "Na mnampa pesa zenu," akasema, akarudi kwenye kashata yake.

Mimi niliposikia "bila mtu wa kati" nikalegea. Nani asiyechoshwa nao? Mji huu hata ukipanda matatu kuna kijana wa kukuonyesha mlango ulio mbele ya macho yako, kisha ananyoosha mkono. Nikakubali.

Kwanza programu ya kupokelea bitcoin kwenye simu ikataka kuniona uso. Niinue simu, nigeuze shingo kushoto, nigeuze kulia, nifumbe macho, nifumbue. Kisha ikaandika: mwanga hautoshi. Mwanga hautoshi! Mombasa, saa saba mchana, joto la kaskazi, mpaka mbuzi wamejibanza ukutani kutafuta kivuli! Wakanishauri nivue kofia. Nikakataa, kofia hii imehudhuria nikahi za watu wazito, na isitoshe haina hata ukingo, kivuli kinatoka wapi? Simu ikagoma. Nikavua. Ndipo ikaniambia nitabasamu. Nitabasamu kwa nani? Upara wazi, jasho linaingia machoni, watoto wanaotoka chuoni wamejipanga wanatazama, katibu wa kamati ya maji anaichekea simu.

Ikaniridhia. Bitcoin ikaingia, kijisehemu tu: sifuri, nukta, sifuri nyingine tatu kabla hujaona cha maana. Nilipotoka kuswali Alasiri, elfu tano ilikuwa imeshakuwa elfu nne na mia nane. "Usiuze, mjomba," mpwa wangu akasema, "shikilia, itapanda." Nishikilie! Nilikudai kwa sababu ya unga na gesi. Mtungi wa gesi unajua kushikilia?

Haya, tukauza. Sasa nihesabieni hao watu wa kati. Kampuni ya programu inaizuia bitcoin yangu mpaka nithibitishe nimelipwa. Mnunuzi ni mtu nisiyemjua, jina lake herufi na tarakimu, yuko sijui Eldoret sijui wapi, ananiandikia "tulia boss". Shilingi zikaingia kwenye simu, na kabla sijasoma ujumbe, mkopo fulani wa simu (ni jambo la kifamilia, tusiliingilie) ukajichukulia chake. Kilichobaki nikakipeleka kwa wakala. "Keshi hakuna, mzee, jaribu pale mbele." Pale mbele pamefungwa, kibao kinasema "narudi sasa hivi", na kibao kimeota utando wa buibui.

Na M-Pesa tunayo tangu 2007! Satoshi hajatoa hata waraka wake, mamangu kule Kilifi alikuwa tayari anapokea pesa kwa simu na kunipigia kuuliza mbona kidogo.

Kijana hashindwi kwa maneno. Akanipa hadithi ya 2010, Mmarekani wa Florida aliyetoa bitcoin 10,000 kwa pizza mbili. Anaisimulia akicheka, maana bitcoin hizo leo zingekuwa utajiri wa kutisha. Mimi naona yule bwana ndiye aliyeifanya ile kitu pesa, akala, akashiba. Wengine wakaogopa kuchekwa kama yeye, wakaikalia. Pesa ambayo mwenyewe anaogopa kuinunulia hata viazi karai, ni pesa hiyo? El Salvador waliwalazimisha wenye maduka kuipokea mwaka 2021, Januari 2025 wakaufuta ulazima wenyewe. Yule mwenye FTX, kampuni ya kuuziana bitcoin iliyoanguka 2022 na pesa za wateja, alifungwa miaka 25. Kampuni ya kati, katika pesa isiyo na mtu wa kati! Na hapa kwetu Benki Kuu ilituonya 2015 tujihadhari, kufika 2023 serikali ikataka kodi ya asilimia 3. Kumbe ilikuwa ikituonya huku inatuhesabu.

Haki niseme: binti wa jirani yangu yuko ng'ambo, hutuma dola za kidijitali, ndugu za bitcoin zilizofungwa kwenye thamani ya dola, zinafika upesi na makato ni madogo. Sibishi. Lakini zikifika mamake anamuuzia nani? Yule yule wa "tulia boss".

Basi nikarudi nyumbani, simu ina pesa, mfuko mtupu, nikamkuta mwenye mkokoteni wa maji mlangoni. Yeye kwa simu hapokei, laini yake imefungwa, mambo yake. Anataka pesa mkononi, na mitungi keshaishusha. Nikamwambia ipandishe juu kwanza. Akasema ngazi zina bei yake. Tangu lini ngazi zikauzwa? Na mwenye nyumba tangu Ramadhani anatuahidi pampu. Pampu ameshanunua, nimeiona kwa macho yangu, iko sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ameweka redio.