Muulize Muuzaji: Mafuta Haya Yamepitia Wapi?

Mwaka jana, siku mbili kabla ya harusi moja hapa Langoni, Lamu, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, alinirudishia dukani chupa ya mafuta ya asumini. Hakugomba. Aliiweka juu ya meza, akafungua kizibo, akatia tone moja kwenye daftari langu la hesabu. "Mwanangu," akasema, "yanukia asumini. Lakini asumini gani hii, yaacha doa kama chapati?"

Asubuhi yake doa lilikuwa pale pale, limeenea hadi ukurasa wa tatu, linang'aa kama karatasi ya kufungia bajia. Harufu ilikwisha kabisa. Chupa yenyewe ilikuwa na muhuri wa kijani, neno halali limeandikwa kwa Kiarabu na kwa herufi za kizungu. Nilikuwa nimeinunua kwa muuzaji wa mji mwingine, nikawauzia watu kwa jina langu. Nikampigia simu. Nilitaka kujua ua lilikamuliwaje, mafuta yamezimuliwa kwa kitu gani, na muhuri ule umetolewa na nani. Akanijibu: "Dada, muhuri si uko? Wataka nini tena?"

Tangu siku ile sina raha na jibu hilo, kwa sababu naona ndilo linalotawala biashara hii. Kampuni za sabuni, losheni na mafuta ya kukanda zinatafuta malighafi halali, na wauzaji wamegundua kwamba neno hilo linauza. Lakini halali ya mafuta ya harufu haionekani kwenye kibandiko. Imo katika safari yote ya mafuta, tangu shambani hadi kwenye chupa, na anayenunua bila kuuliza habari za safari hiyo amenunua karatasi.

Kwetu Lamu jambo hili si dogo. Harufu imo katika ibada zetu. Ijumaa mwanamume hatoki nyumbani bila kujipaka. Kwenye maulidi watu hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, na chetezo cha udi hupitishwa mkono kwa mkono. Bibi harusi husingwa kwa singo, hupakwa liwa ya msandali, hufukizwa nguo zake, na kikuba cha asumini na rehani hufungwa shingoni. Na maiti naye hutiwa manukato. Kitu ambacho mtu anasimama nacho mbele ya Mola wake, au anazikwa nacho, hakifai kuwa na shaka ya najisi.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta haya, ambayo watu wa vipodozi siku hizi huyaita mafuta muhimu, haina tatizo tangu asili. Karafuu, mchaichai, mkaratusi, mdalasini na ubani hukenekwa kwa mvuke. Maji huchemshwa, mvuke hupita kwenye majani au utomvu na kubeba harufu, kisha hupozwa kwenye bomba. Mafuta huelea au huzama, nawe unayatenga na maji. Maganda ya machungwa na ndimu hukamuliwa tu bila moto. Mmea, maji na moto, ni nani wa kuvitia haramu? Anayekuuzia mafuta ya karafuu kwa bei ya juu kwa hoja kwamba yake ni "karafuu halali" anakuuzia ulichokuwa nacho tayari.

Tatizo liko kwa maua laini, na asumini ndiye mkubwa wao. Asumini hastahimili mvuke; ukimchemsha harufu yake inaharibika. Kwa hiyo watu walitafuta njia nyingine, na hapa ndipo naomba kila mwenye duka la vipodozi asome kwa makini. Mji wa Grasse, Ufaransa, ulijulikana duniani kwa manukato kwa njia ya kupaka shahamu kwenye vioo na kuyalaza maua juu yake, siku baada ya siku, mpaka shahamu ishibe harufu. Shahamu iliyotumika zaidi ilikuwa mchanganyiko wa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe. Baadaye shahamu ile ilioshwa kwa spiriti ili kuitoa harufu. Njia hiyo leo ni nadra, lakini haijafa. Wapo wanaoifanya kwa mafuta ya nazi, ambayo hayana neno, na wapo wanaojivunia kuifanya "kama zamani". Ukiona chupa inasifiwa kwa njia ya zamani ya Kifaransa, uliza shahamu ni ya nini kabla hujauliza bei.

Njia iliyoenea sasa ni kuyaloweka maua katika heksani, kitu kinachotokana na petroli, hadi ipatikane nta yenye harufu, kisha nta hiyo huoshwa kwa ethanoli, ile spiriti, na ethanoli ikavukizwa. Kinachobaki huitwa absoluti, na mara nyingi huwa na masalia kidogo ya ethanoli. Hapo tunaingia kwenye mjadala ambao mashekhe hawajakubaliana. Wapo wanaosema kila kinacholevya ni najisi kikiwa maji maji, basi spiriti yoyote haifai. Wapo wanaotofautisha tembo, yaani pombe ya kunywa, na ethanoli ya kiwandani; Baraza la Maulamaa la Indonesia, kwa fatwa yake ya mwaka 2009, lilisema ethanoli isiyotokana na tasnia ya pombe si najisi. Mimi si mwanachuoni na sitojifanya. Ninachosema ni kwamba mnunuzi ana haki ya kuambiwa ili afuate shekhe wake. Dukani kwangu nimechagua kutouza kilichooshwa kwa ethanoli, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa Shafii wanaojipaka wakienda msikitini, na sitaki kuwatia shakani. Ipo pia njia ya kukamua kwa kaboni dioksidi iliyobanwa kwa nguvu, isiyohitaji spiriti wala heksani. Ni ghali, lakini kwa kampuni yenye uwezo ndiyo safi zaidi kwa maua na utomvu.

Madhehebu yetu yana ukali mwingine ambao wauzaji wa mbali hawaujui. Kwa Imam Shafii, najisi haigeuki kuwa tohara kwa kubadilika tu, isipokuwa katika mambo machache kama tembo linapogeuka siki lenyewe. Wahanafi wana nafasi pana zaidi. Kwa hiyo glaiserini iliyotokana na shahamu ya nguruwe inaweza kupita mahali pengine kwa hoja kwamba imeshakuwa kitu kipya; hapa Lamu haipiti. Chombo nacho kina hukumu yake: kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi swali la pipa si la mzaha. Pipa hili safari iliyopita lilibeba nini? Mafuta ya karafuu safi kabisa yakitiwa katika pipa lililobeba shahamu ya nguruwe yameshaingia matatani.

Nisieleweke kwamba kila cha mnyama ni haramu. Misk hutoka kwa paa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu kuwa ndiyo bora ya manukato. Ambari ya nyangumi ilikuwa bidhaa ya mwambao huu tangu enzi za majahazi. Hata skwaleni inayotiwa kwenye krimu za uso, ikitoka kwenye ini la papa, kwetu haina tatizo la halali. Wajenzi wa majahazi wanaijua sifa, yale mafuta ya ini la papa, tangu kwa babu zao. Ila papa na paa wa misk wamepungua mno, na skwaleni ya zeituni ipo. Hilo mtu alipime na dhamiri yake.

Sasa turudi kwa lile doa. Chupa ile haikuwa na nguruwe, nadhani. Haikuwa hata na asumini wa kutosha. Ilikuwa harufu ya kutengenezwa ndani ya mafuta mazito ya petroli yasiyo na rangi, ile parafini ya maji inayouzwa kwa madumu. Huko Kannauj, India, wakenekaji wa zamani walikuwa wakipokea harufu ya maua ndani ya mafuta ya msandali. Msandali ulipopanda bei wengi wakahamia parafini. Parafini yenyewe si najisi. Kosa ni kuiuza kwa bei ya asumini.

Na hapa ndipo nina ugomvi na wenye mihuri. Tunajua kisa cha Mtume alipopita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza, mbona hukuiweka juu watu waione? Kisha akasema: anayeghushi si miongoni mwangu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim na kila mtoto wa chuo ameisikia. Nafaka ile ilikuwa halali, na maji ya mvua ni tohara. Hapakuwa na nguruwe wala tembo. Basi anayezimua mafuta kisirisiri na kubandika neno halali juu yake, neno hilo analibandika kwenye nini? Kwangu mimi, ghushi inatangulia hata mjadala wa ethanoli.

Sisemi vyeti havina maana. Masoko makubwa yanavitaka, na kwa haki. Malaysia ina kiwango chake cha vipodozi halali, MS 2634 cha mwaka 2019. Taasisi ya viwango ya nchi za Kiislamu, SMIIC, ina kiwango namba 4 cha mwaka 2018. Indonesia, kwa sheria yake namba 33 ya mwaka 2014 na kanuni zilizofuata, imeweka tarehe 17 Oktoba 2026 kuwa mwisho wa muda kwa vipodozi kupata cheti. Nasi hapa Kenya tunayo Kenya Bureau of Halal Certification. Lakini cheti hutolewa kwa bidhaa fulani, ya kiwanda fulani, kwa muda fulani. Nimewahi kuonyeshwa cheti cha sabuni nilipouliza habari za mafuta ya waridi, na kingine kilichokwisha muda miaka miwili nyuma. Kisome. Mpigie aliyekitoa. Usione haya.

Pamoja na cheti, mimi nataka karatasi ya uchambuzi yenye namba ya mzigo ule ule niliouziwa, iliyopimwa kwa gesi kromatografia. Kipimo hicho hukichambua kiungo kimoja kimoja. Mafuta ya karafuu yakija na eujenoli, kiungo chake kikuu, chini sana ya kawaida, yamezimuliwa. Kipimo cha somo cha karatasi ni kizuri cha kuanzia, ila kina mpaka wake: mafuta mazito kama ya msandali, na absoluti zenye nta, nayo huacha alama. Doa likushtue, lisikupe hukumu. Tumia na akili ya bei pia. Waridi huhitaji kama tani 3 au 4 za petali kutoa kilo moja ya mafuta. Anayekuuzia chupa ya waridi "safi" kwa bei ya soda mbili amekuambia mwenyewe kilichomo.

Wenzangu wenye viwanda vidogo Mombasa na Nairobi huagiza kutoka Ulaya mafuta ambayo asili yake ni bahari yetu hii hii, na hilo linaniuma. Pemba iko hapo. Kiwanda cha Makonyo kule Wawi, Chake Chake, cha shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, kinakeneka mafuta ya karafuu na makonyo yake, tena kwa mvuke. Langilangi wanatoka Ngazija na visiwa vyenzake vya Komoro. Nzwani wanayachuma maua alfajiri na kuyakeneka kwa saa nyingi, na mafuta ya saa za mwanzo huuzwa mbali na ya saa za mwisho. (Vinu vingi kule huwashwa kwa kuni, na milima inakwisha miti. Ukinunua, uliza na hilo.) Ubani na manemane viko kaskazini mwa nchi yetu na kwa jirani zetu Wasomali. Hawa wote ni watu tunaoweza kuzungumza nao, tukaelewana, hata tukapanda chombo kwenda kuona kinu chao kwa macho.

Msandali wa porini ndio nimeuacha kabisa. Kenya ilipiga marufuku kuvuna msandali wa porini mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini bado unang'olewa usiku na mizizi yake, huko Samburu na kwingineko. Mafuta ya mti wa wizi hayawi halali kwa sababu yalikenekwa kwa maji safi. Liwa ninayouza sasa ni ile ninayojua imetoka shamba gani, na ikikosekana nasema imekosekana.

Yule somo bado ni mteja wangu. Wiki iliyopita alikuja kuagiza mafuta kwa harusi ya mwezi wa Mfunguo Sita, akataka asumini. Nikamwambia asumini wa kukamuliwa sina, ila naweza kuloweka maua mabichi kwenye uto wa ufuta, kubadilisha maua kila jioni kwa siku tisa, na harufu itakuwa nyepesi. Akafikiri. Akauliza maua nitayapata wapi. Nikamwambia uani kwa shangazi yangu, Mkomani, mti ule wa karibu na kisima. "Aa, ule naujua," akasema, akafungua mkoba na kutoa nusu ya pesa.