Huruma Hufundishwa Jikoni au Wodini?

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, mwalimu mstaafu, ana msimamo mmoja: mtu akifika miaka kumi na minane hana huruma, basi tena. Samaki amekauka huyo, ukimkunja atavunjika. Tumebishana mara nyingi, na kila mara naondoka nimekubali nusu.

Nusu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2006, wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kuwa watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka, bila kuahidiwa chochote. Mbegu ipo mapema. Kuikuza ni kazi ya malezi, na malezi hayo huku kwetu hayakuwa mahubiri. Mtoto alipewa bakuli la kande limefunikwa, akaambiwa: mpelekee bibi, kaa naye mpaka amalize. Anakaa. Anaona kijiko kinavyotetemeka mkononi mwa bibi, anaona kuni zimebaki mbili. Kesho yake anapeleka kuni bila kutumwa.

Wanyakyusa wa huku Mbeya walikwenda mbali zaidi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi nao miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyohama kwa wazazi na kujenga vibanda vyao, kijiji cha rika moja. Walikula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa na wenzako, kula na kuzungumza nao, wakakuita *ukwangala*.

Hapo ndipo ninapomkatiza mwalimu. Huruma ya namna hiyo inawajua wa kwetu tu. Nililelewa nisimpige paka, nisimcheke mlemavu, nimwamkie kila mkubwa. Na jioni zilezile nilimwona mama akimfokea dada wa kazi, binti wa Makete, mkoani Njombe, mbele ya wageni, kisa chumvi. Dada alikula wa mwisho, jikoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Hilo nalo lilikuwa somo, na nililifaulu vizuri sana. Mbwa wa jirani alipogongwa nililia siku nzima. Dada alipolia, nilimwomba maji ya kunywa.

Kilichonibadilisha kilinikuta nina miaka thelathini na kitu, namuuguza baba hospitali. Kitanda cha pili alilazwa kijana asiye na ndugu wa kumletea chakula. Siku ya kwanza nilimpa uji kwa kuwa ulibaki. Siku ya nne nikajikuta naukoroga wa watu watatu. Sikuanza kwa kumwonea huruma. Nilianza na kikombe, huruma ikaja nyuma ikichechemea.

"Mwanangu, ulikuwa na mbegu," mwalimu ananijibu. "Wangapi wanauguza na kutoka wagumu zaidi?"

Ni kweli, wapo. Ila watafiti Olga Klimecki na Tania Singer, kule Ulaya, walikuta kuwa watu wazima waliozoezwa kuhisi tu maumivu ya wengine walielemewa. Walipozoezwa kuwatakia mema wenye shida, walipata ahueni. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mkoa wa Njombe unaongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU. Miaka ya 1990 mgonjwa alitengewa kikombe chake na ndugu zake wa damu, watu wazima waliolelewa vizuri tu, kwa kande na kuni za bibi. Wengi wao ndio waliokuja kulea yatima. Walijifunza ugonjwa unavyoambukiza, hofu ikapungua, na kazi ya kulea ikawafundisha yaliyobaki. Samaki wakavu wale.

Kwa hiyo namwachia mwalimu utoto, kwa sharti moja: atazame pia nani anakula wa mwisho nyumbani.

Baba alipopona nilimuuliza mama yule dada kwao hasa ni kijiji gani. Mama alifikiri kidogo.

"Si huko huko Makete tu," akasema.