Saa 72 si nyingi

Mwandishi wa makala ya misaada ameeleza vizuri habari za mahema na chakula kwa waliokimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo, lakini dawa za PEP kazipa mstari mmoja tu. Mwanamke aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa hizo za kuzuia VVU. Barabara ikifungwa na zahanati ikiporwa, atazipata wapi? Hospitali ya Panzi ya Dkt. Mukwege, inayotibu wanawake waliobakwa, inajulikana dunia nzima, sawa, ila ipo mjini Bukavu. Dawa zikae vijijini, kwa wakunga wanaoaminika.

Na kuni jamani! Wanawake wengi wanavamiwa wakizitafuta huko kwenye hifadhi ya Virunga. Wapeni makaa, wapeni majiko banifu. Msiseme waume zao waende, wanaume wakikutwa porini mara nyingi wanauawa.