Zamu Yangu Si Siri ya Nyapara

Juzi msimamizi wangu hapa Hamburg alinifuata ghalani akaniuliza kama ningeweza kubadilishana zamu ya Alhamisi na mwenzangu. Nikamwambia siwezi, nina miadi. Akasema asante, akaenda kumuuliza mwingine. Hakununa wala hakunikumbusha kwamba wanaoitaka kazi yangu ni wengi. Nilifanya kazi kwa raha siku ile hadi jioni. Nilipowasimulia vijana wa nyumbani kwenye simu, jibu la kwanza likawa: "Ushaanza kujidai Mzungu."

Sijidai. Nimezaliwa Likoni, Mombasa, na godauni za Shimanzi karibu na bandari nimezibebea magunia mgongoni. Ndiyo sababu naumia.

Tukizungumzia mtu kuridhika na kazi yake, sote hukimbilia mshahara. Mshahara una uzito wake, hasa mwenye nyumba wa Mikindani anapogonga mlango. Lakini wengi niliowaona wakiichukia kazi Mombasa walikuwa wakichukia kutojua kesho. Kibarua anaamka saa kumi usiku, anavuka feri gizani, anasimama getini na wenzake, kisha nyapara ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule. Waliobaki warudi kesho. Hata aliyechaguliwa hajui atatoka saa ngapi, kwa hiyo hawezi kumuahidi mkewe kumpeleka mtoto kliniki, hawezi kujiandikisha masomo ya jioni, hawezi hata kukubali kuwa msimamizi wa harusi ya nduguye. Mtu kama huyo utamwambia aipende kazi kwa moyo gani?

Na sheria tunayo! Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zitimie mwezi, anahesabika mfanyakazi wa mwezi. Inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Nyote mnajua mtu "hupumzishwa" lini: mwezi ukikaribia kutimia. Wa mahotelini nao wanajua masika yakianza, wageni wakipungua, wataambiwa nini.

Najua mtaniambia Wajerumani ni matajiri, wanaweza kubembelezana. Hapana, ndugu zangu. Yule msimamizi hakuniuliza kwa upole wa moyo wake tu. Sheria yao ya saa za kazi ya 1994 inataka mtu apumzike saa 11 mfululizo baada ya zamu. Mahali penye wafanyakazi wa kudumu kuanzia watano, wana haki ya kuchagua baraza lao, na lile baraza likiwapo, mwajiri hapangi zamu peke yake. Ni haki iliyoandikwa, na inafuatwa.

Wala msinifanye mtu aliyesahau kwao. Huku nilipofiwa walinipa kadi yenye saini za wote, na siku ya pili kila mtu akawa kwenye mashine yake. Kwetu wangetandika mkeka matangani, wangechanga, wangenishika mkono. Wenzangu wa Shimanzi nawakosa kila siku, na kama ningeulizwa nani bora wa kufanya kazi naye, ningewataja wao bila kufikiri. Tena ni watoto wa mji uliosimamisha kazi zote Januari 1947, wapakuzi wa bandarini na wengineo kwa maelfu, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa uhamishoni. Wazee hawa hawakufundishwa na Ulaya kudai heshima. Basi mjukuu wao anapodai kujua zamu yake, mnamwitaje mwenye kiburi?

Kuna atakayesema meli haina saa, ikija usiku watu waitwe usiku. Hamburg nayo ni bandari. Meli huku zinacheleweshwa na dhoruba na zinasubiri maji ya mto Elbe yajae, na bado watu wana ratiba. Meli haiibuki bandarini kwetu Kilindini kama jini. Wakala wake anajua inakuja siku kadhaa kabla, mwenye shehena anajua, dereva wa lori anajua. Asiyejua ni mpakuzi peke yake. Nyapara ana simu, ana WhatsApp, na majina anayo. Ayatume Jumamosi jioni, na atakayekosa nafasi wiki hiyo aambiwe akiwa kwake, kabla hajavuka feri.