Kitonga Ipanuliwe, Lakini...

Jamani, mimi nataka Kitonga, ile barabara ya kona kali mlimani kule Iringa, ipanuliwe. Nasema mapema nisije nikasemwa.

Jumamosi nilikuwa namrudisha mama mkwe Mafinga, tukanasa nyuma ya semi-trela ya mafuta inayokwenda Kongo. Gia namba moja, inapanda kwa mwendo wa bi harusi. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, mbele moshi mweusi. Kila nikichungulia niovateki, basi linachomoza kwenye kona. Mama mkwe, gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni miguuni, ananiambia, "Baba Neema, taratibu." Moyoni nikasema, taratibu ipi tena mama, tunapitwa na nyani! Na tulipitwa kweli. Nyani na mwanawe mgongoni, kwa miguu, akatutazama, akaenda zake.

Kona iliyofuata, matawi ya miti yametandazwa barabarani. Ujue kuna lori limekufa. Utingo wake kakaa juu ya jiwe, anasonga ugali. Huyo kashahamia.

Na hapo asubuhi nimetoka kulaani matuta ya Mikumi, kilomita 50 za hifadhi, gari linaruka kama mbuzi. Nilitaka kukanyaga mafuta, nikakuta kibao cha faini: ukigonga twiga, dola 15,000. Gari langu ukiliuza na mimi nikiwa ndani, haifiki. Nikawa mpole, nikapisha hadi ngedere.

Sasa, foleni imesimama, sina la kufanya, nikageuza shingo. Miaka 11 napita hapa, sijawahi kuangalia chini. Kumbe bonde lote ni mibuyu! Imejipanga hadi huko upeoni, mto unameta katikati. Mama mkwe akasema, "Nilipita hapa nikienda kuolewa. Ileile."

Ndipo nikachanganyikiwa. Wahandisi, malori yapeni njia yao, yapande yakikohoa peke yao. Ila kona zangu mniachie, na kipande cha kupaki magari matatu tu, maana sasa hivi ukisimama kutazama bonde, nyuma yako kuna tani 30 zinapiga honi. Mkitoboa handaki, mama mkwe nitamwonesha nini, zege?

Hatimaye dereva wa semi akawasha indiketa, akatupisha. Nikakanyaga!

"Aa, Baba Neema," mama mkwe akanung'unika, "ungesubiri kidogo. Nilikuwa nahesabu mibuyu, nimefika 47."